Nilivyojiitikia Amina

Jumapili ya pili ya mwezi wa sita, misa ya kwanza, nilisikia jina langu likisomwa kanisani kwenye orodha ya marehemu.

Nilikuwa benchi la nne kutoka mbele, nimevaa kitenge kipya, nimechana nywele vizuri, sina dalili yoyote ya kufa. Severine, msomaji wetu wa nia za misa, yale maombi ambayo waumini huandikisha, ana sauti nzito isiyo na haraka, kama mtu anayelipwa kwa kila neno, ingawa halipwi kitu. Akasoma: "Katika misa hii tunawaombea marehemu Rozalia Mushi, nia imeletwa na mume wake, Anselmi Mushi. Pia marehemu Euphrasia Shirima wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika, nia imeletwa na Anselmi Mushi. Raha ya milele uwape, ee Bwana."

"Na mwanga wa milele uwaangazie," tukajibu. "Wapumzike kwa amani. Amina."

Nasema tukajibu kwa sababu na mimi nilijibu. Tena kwa sauti. Mdomo wa Mkatoliki ukishasikia "raha ya milele" hausubiri kichwa. Nilipofika kwenye Amina ndipo kichwa nacho kikawasili, kimechelewa, kinahema, kinauliza: Euphrasia Shirima ni nani?

Ni mimi.

Benedikta wa kwaya, aliyekaa nyuma yangu, akanigusa begani kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepima kama pasi imepata moto.

"Mama Jackie," akanong'ona, "upo?"

"Nipo. Ila naona taarifa zangu zimenitangulia."

Akacheka mpaka akaficha uso kwenye kitabu cha nyimbo. Na mimi nikacheka. Lakini kuanzia hapo sikusikia tena neno la mahubiri, maana mkono wangu ulikuwa umepanda wenyewe shingoni, umeshika ule uvimbe.

Niueleze huo uvimbe, maana ndio ulioanzisha yote. Mimi nauza mashuka na mapazia Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nimefiwa na mume Jackie akiwa darasa la nne. Duka langu la kwanza liliungua na mzigo wote wa Krismasi ndani. Meza imebomolewa mara tatu katika zile hamahama zetu za machinga. Kila mara nilisimama tena kwa kitu kimoja tu: mdomo. Pale Kongo watu mia wanauza shuka zile zile kutoka kontena lile lile. Mteja anakuja kwangu kwa sababu amenisikia.

"Sita kwa sita hiyo mama! Ukilala leo, uamshwe na majirani!"

"Pazia zito baba! Linaficha mpaka ugomvi!"

Basi, kwenye shingo hiyo hiyo inayonilisha ndipo goita ikaamua kupanga chumba. Ilianza kama dengu, ikawa limau, ikafika mahali nikimeza ugali nasikia foleni. Kule hospitali Upanga nikakutana na daktari mmoja, binti mdogo, mpole, mwenye miwani. Akaniambia lazima itolewe, maana imeanza kubana njia ya hewa. Nikamuuliza kuhusu sauti. Akasema kweli, mishipa ya sauti inapita hapo hapo, na mara chache sana hupata shida. Yeye alisema "mara chache sana". Mimi nilisikia "shida".

Tarehe ya kwanza ya upasuaji sikwenda. Nilisema mzigo umeingia. Tarehe ya pili, mwezi wa nne, nikasema mvua, Jangwani kumejaa maji, hakupitiki. Daktari akavua miwani.

"Mama, si unakaa Ilala?"

"Ndiyo, daktari."

"Kutoka Ilala kuja Upanga unapitaje Jangwani?"

Nikajifanya natafuta kadi ya kliniki kwenye pochi. Akanipa tarehe ya tatu, Jumanne moja ya mwezi wa sita, akaniambia taratibu kwamba asingependa kunipa ya nne, kwa sababu hewa haina subira kama yeye.

Jumanne yenyewe ilikuwa inakuja keshokutwa. Na leo Jumapili nimeshaombewa pumziko la milele.

Nilitoka kanisani kabla ya matangazo. Nilipofika nyumbani, getini nilimkuta Hajira. Hajira anauza kanga meza ya jirani na yangu, mtu wa Lindi, tumekaa bega kwa bega miaka kumi na mbili. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, ameshika sufuria kubwa ya kupikia msibani, analia kwa sauti. Nikasimama nyuma yake.

"Nani amefariki?" nikamuuliza.

"Mama Jackie, masikini," akajibu bila kugeuka. "Katutoka. Zena, jirani yetu wa pale Kongo, kaiona kwenye simu, watu wa kanisani kwake marehemu wameandika pole."

"Jamani. Alikuwa mtu mzuri?"

"Mzuri? Mdomo ulikuwa mrefu, lakini..."

Hapo akageuka. Sufuria ikaanguka, kifuniko kikabingirika mpaka barabarani, bajaji ikakikwepa. Hajira akaniangalia juu mpaka chini, akamtaja Mungu wake, kisha akaichomoa ile kanga kiunoni na kunichapa nayo.

"Nilijua! Nilimwambia Zena, Mchaga gani afe mwezi wa sita? Huyo hafi mpaka Desemba, ashafika kwao Rombo, kala ndizi, kaonesha gari la watu!"

"Sasa mbona ulikuja na sufuria?"

"Nikasema labda mwaka huu kakosa nauli!"

Tulicheka hapo getini mpaka mpangaji wa juu akachungulia. Kisha Hajira akakaa kwenye ngazi, akajifuta macho, na nikaona kumbe bado yanatoka.

"Unajua njiani nilikuwa nawaza nini, shoga?" akasema. "Ile siku ulivyosingizia Jangwani. Nilijua ni uongo. Nikacheka na wewe, badala nikushike mkono nikupeleke."

Nikakaa pembeni yake. Nikamwambia kile nilichokuwa nimekificha hata Jackie mwanangu.

"Jumanne siendi, Hajira. Nimeomba miezi minane Mungu anioneshe la kufanya, na leo limesomwa jina langu na watu wakaitikia. Mimi mwenyewe nimeitikia. Hiyo ni ishara. Nikipanda kile kitanda sishuki, au nikishuka, nashuka bubu."

Sikutegemea kama angenicheka, na hakunicheka.

"Mambo ya kanisani kwenu mimi siyajui," akasema. "Ila mtu akiniletea barua ya ajabu, kwanza namtafuta aliyeiandika. Kamuulize."

Sikwenda kumuuliza. Aliyeiandika alikuja mwenyewe, saa kumi jioni, amevaa koti lake la misa.

Mzee Anselmi Mushi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu na fundi saa pale Mtaa wa Sikukuu. Ana kimeza cha kioo, kijitaa, na mkono usiotetemeka. Huwa namtania kwamba saa anazotengeneza zinaharibika tena makusudi ili zirudi kukaa karibu naye. Wiki mbili nyuma, Jumamosi asubuhi, jumuiya ilisali kwangu. Tulipofika kwenye maombi, nikasema na mimi niombewe shingo, na Mungu akishindwa kuponya goita basi aisaidie ijifunze kuuza pazia, isikae bure. Watu walicheka hadi chai ikamwagika. Mzee Anselmi hakucheka. Alipoondoka aliniambia tu, "Nitakupelekea nia ya misa, mama." Nikamwambia asante, nikasahau.

Sasa alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Shikamoo, mzee. Karibu kwenye makazi ya marehemu."

"Marahaba." Hakutabasamu. Alikaa kwenye ncha ya kochi kama mtu aliyeitwa ofisini. Nikamwekea chai. Hakuigusa.

"Mama Jackie, nimekuja kuomba msamaha. Ile fomu ya nia unaijua. Ina visanduku vitatu. Marehemu, wagonjwa, shukrani. Unaweka alama kwenye kimoja, unaandika jina. Mimi niliandika jina lako vizuri. Alama nikaweka kwa marehemu."

"Mzee, macho hayo. Fundi saa haoni kisanduku?"

"Nilikiona." Aligeuza kofia magotini. "Ni mkono. Miaka kumi na moja, kila mwezi, mkono huu unakwenda pale pale. Marehemu, Rozalia Mushi. Marehemu, Rozalia Mushi. Haujawahi kwenda kwingine."

"Kabisa?"

"Mama, nikwambie ukweli. Rozalia alipougua, nilijaza kisanduku cha wagonjwa miezi saba mfululizo. Kila mwezi nilikuwa wa kwanza mlangoni pa ofisi ya parokia. Alipofariki, nikajiambia basi. Walio hai Mungu atawashughulikia mwenyewe, mimi nitamwombea huyu aliyekwisha kuondoka. Angalau huko siwezi kuumizwa mara ya pili. Naongoza jumuiya, nasema 'tuwaombee wagonjwa', ninyi mnaomba. Mimi nilikuwa nasubiri mmalize."

Nilitafuta utani wa kumpa. Nilipapasa huku na huku kama mtu anayetafuta chenji kwenye pochi, nikakosa hata mmoja. Siku mbaya hiyo kwa biashara yangu.

"Sasa kwa nini mimi?" nikamuuliza.

"Siku ile ulipochekesha watu kuhusu shingo, mkono wako mmoja ulikuwa umekamata kiti. Vidole vilikuwa vimekakamaa. Rozalia naye alikuwa akicheka hivyo hivyo." Akanywa chai yake, mara moja, kama dawa. "Nikasema nijaribu tena kumwombea mtu anayepumua. Niliogopa, mama. Nilifika pale ofisini, nikatoka, nikazunguka jengo, nikarudi. Nikajaza haraka ili nisibadili mawazo. Ndipo mkono ukaenda ulikozoea."

Nje muuza kahawa alikuwa anapita, anagonganisha vikombe vyake. Tulimsikiliza mpaka alipokata kona.

"Mzee, mimi nimeichukua kama ishara," nikasema. "Kwamba Jumanne nisiende."

"Ni ishara kwamba mimi nimezeeka. Mungu hasomi kisanduku, Mama Jackie. Severine ndiye anayesoma kisanduku."

Nikacheka, hata sikutaka. Kisha nikauliza lile lililokuwa limekwama nyuma ya goita miezi yote.

"Na akikataa? Kama kwa Rozalia?"

Mtu mwingine angenijibu haraka. Tunao wengi, wana majibu mfukoni kama pipi. Mzee Anselmi aliangalia kwanza saa ya ukutani kwangu, ambayo ilikuwa imesimama.

"Sijui," akasema. "Ninachokijua ni kidogo. Wiki ile ya mwisho Rozalia hakuogopa. Mimi niliogopa, yeye hakuogopa. Kila jioni alisema, 'Anselmi, tusali, usinikalie kimya kama saa mbovu.' Kile nilichoomba sikukipata. Lakini yeye hakuachwa peke yake hata siku moja, na hilo nililiona kwa macho yangu. Nimemnunia Mungu miaka kumi na moja, hilo nikalisahau. Jumapili iliyopita, nikizunguka lile jengo la ofisi, nikalikumbuka."

Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili.

"Nimerudi leo baada ya misa ya tatu. Nimejaza upya, misa ya Jumanne asubuhi. Hii ni nakala. Angalia wewe, mimi mkono wangu siuamini tena."

Nikaikunjua. Euphrasia Shirima. Wagonjwa. Alama ilikuwa imekandamizwa kwa nguvu mpaka peni imetoboa karatasi upande wa pili.

Alipoinuka kwenda, akaishusha ile saa yangu ukutani, akaiweka kwapani bila kuniuliza, akasema atairudisha ikitembea.

Nilibaki na ile karatasi kwenye kochi. Nikaikumbuka siri moja ya kazini kwangu. Shuka ikiwa na kasoro, doa au uzi uliokimbia, muuzaji anajua kuikunja. Kasoro inaingia ndani, ua zuri linabaki juu, na maneno mengi yanafunika kilichobaki. Sijivunii, lakini Kongo yote inajua. Sasa nikaona miezi minane nimekuwa nikimwendea Mungu hivyo hivyo. Nimejikunja vizuri, ua juu, utani mwingi, goita ijifunze kuuza pazia, ha ha ha. Mzee wa watu kaja na koti lake, kakunjua kasoro yake yote mbele yangu, hakujitetea hata neno.

Basi na mimi nikajikunjua. Sikupiga magoti kwa uzuri, nilikaa tu sakafuni, nimeegemea kochi. Nikasema: Mungu wangu, naogopa. Naogopa kufa, na naogopa zaidi kubaki hai bila sauti, maana sijui mimi ni nani nikinyamaza. Ukinirudishia sauti nitashukuru. Usiponirudishia, nitakasirika sana, nakuambia mapema, ila usiniache peke yangu humo chumbani. Amina.

Ndiyo sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali, na ya kwanza bila kuchekesha mtu. Sikuona mwanga, sikusikia malaika. Nilisikia njaa. Nikapika ndizi, nikala, ikapita pole pole, foleni ile ile. Kisha nikampigia Jackie, nikamwambia Jumanne asiende kazini, anisindikize.

"Mama, kweli?" akasema. "Au Jangwani itajaa?"

"Nani kakwambia Jangwani?"

"Bi Hajira kaniambia yote."

Shoga yangu huyo.

Jumanne tulikwenda, Jackie kushoto, Hajira kulia, wamenishika kama mwizi. Karatasi ya Mzee Anselmi ilikuwa kwenye pochi. Muuguzi aliponiambia niache kila kitu nje, nikamkabidhi Jackie pochi, nikashangaa kwamba mikono haikutaka kuing'ang'ania. Woga ulikuwepo, msinielewe vibaya. Uliingia na mimi mpaka ndani. Ila haukuwa peke yake na mimi. Daktari wangu wa miwani akainama.

"Mama, leo umepitia wapi?"

"Njia ya kawaida, daktari," nikasema. "Pakavu kabisa."

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa sauti yangu ya zamani.

Nilipoamka, shingo ilikuwa imefungwa bandeji na hewa ilikuwa inaingia bila kuomba njia. Nilikuwa nimesahau hewa inavyoingia. Daktari akaniambia niseme "aaa". Nikasema. Kilichotoka kilikuwa kama mlango wa stoo. Akasema mshipa mmoja umechoka, haujakatika, tusubiri, unaweza kurudi wote, unaweza kurudi nusu. Jackie akaanza kulia. Mimi nilijikagua ndani, natafuta ile hasira niliyokuwa nimemwahidi Mungu, nikaikuta imelala. Nikaiacha ilale.

Wiki ya tano nikarudi mezani, nina kanga shingoni na sauti ya kunong'ona. Hajira alikuwa ananiuzia, anapiga kelele kwa niaba yangu, anakosea yote.

"Pazia zito! Linaficha mpaka mume!"

"Ugomvi," nikanong'ona.

"Si ndiyo huyo huyo mume?"

Wateja walicheka wakasogea. Na ilibidi wasogee hasa, maana bei nilikuwa nazisema kwa kunong'ona, na mtu akinong'onezwa bei anadhani amependelewa. Nilijifunza hapo kwamba mtu akikaribia hivyo ananieleza mambo yake, nani anaumwa, nani kaondoka. Zamani sikuwahi kuyasikia. Nilikuwa nayafunika kwa kelele. Sasa nayachukua, Jumamosi nayapeleka jumuiyani.

Saa yangu ya ukutani ilirudi inatembea. Na Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tisa, misa ya kwanza, Severine alisimama na orodha yake. Tangu yaliyonipata, Severine hasomi jina kabla ya kutazama mabenchi. Akasoma marehemu Rozalia Mushi, nia imeletwa na mume wake, kama kawaida. Kisha akageuza karatasi, akainua macho akamtafuta mtu, akampata upande wa wanaume, karibu na nguzo, amekaa wima katika koti lake.

"Tuwaombee pia wagonjwa," akasoma. "Tumwombee Anselmi Mushi, anayesumbuliwa na goti. Nia ameileta mwenyewe."

Watu waligeuka kumtazama. Mzee alitazama mbele tu, masikio yamemwiva.

"Ee Bwana, twakuomba," Severine akasema.

"Utusikie," tukajibu. Sauti yangu ilipasuka katikati, nusu ikabaki kooni, nusu ikafika kanisani kote. Benedikta akanigusa begani kwa ncha ya kidole.

"Nipo," nikamwambia.